Muhuri wa Mwaka wa Tano

Atakayekwambia kwamba seramiki ni nta tu iliyopandishwa bei, mlete kwangu Nagaoka, huku Japani, nimpe somo. Nta unaipaka asubuhi, mvua ya jioni inaondoka nayo. Seramiki ikipakwa kwa haki inakuwa ngozi ya pili ya gari, ngumu kama kioo. Hapa kwetu, ambako barabara zinamwagiwa chumvi ya kuyeyusha barafu majira yote ya theluji, gari lisilo na ngozi hiyo huzeeka kabla ya mwenyewe. Kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita. Sijisifu. Haya, najisifu kidogo.

Gari la Bi. Onodera nililipaka miaka mitano iliyopita, mwezi wa Novemba. Alitoka Kashiwazaki, mwendo wa saa moja, na kigari cha buluu iliyokoza alichoachiwa na marehemu mumewe. Wateja wengine huacha ufunguo wakaenda zao. Yeye aliomba kiti. Kwa siku mbili alikaa mlangoni mwa karakana akinitazama nikiosha, nikisugua bodi kwa udongo laini mpaka kidole kikawa kinateleza chenyewe, nikipiga polishi chini ya taa kali hadi mikwaruzo yote ikaisha. Kazi yake ni kufua na kutengeneza kimono za watu, mavazi ya hariri tupu, kwa mikono yake. Kwa hiyo alijua kutazama kazi ya mwenzake.

Siku ya pili nikaanza kupaka. Unadondoshea dawa matone machache kwenye sponji iliyovikwa kitambaa, unapaka kipande kidogo, kwa mlalo kisha kwa wima, halafu unangoja. Rangi za upinde wa mvua zinajitokeza juu ya bodi, na hapo ndipo pa kufuta. Ukiwahi, umeiondoa dawa. Ukichelewa, imeganda, na alama yake haitoki ila kwa mashine. Nilikuwa nimeinama juu ya boneti niliposikia sauti nyuma yangu.

"Sasa, Fundi."

Na kweli ilikuwa sasa. Wanafunzi wangu wote hawajawahi kupatia sekunde ile, akaipatia mfuaji wa kimono siku yake ya pili. Nikafuta boneti, na tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa mtu mmoja.

Kitabu cha dhamana kina nafasi za mihuri mitano. Kila Novemba mteja analeta gari, tunaliosha, tunatazama maji yanavyoviringika juu ya bodi, tunagonga muhuri. Maana yake ni kwamba nilipewa Novemba tano za kumwona, na baada ya hapo asingekuwa na sababu ya kukanyaga kwangu. Mwaka wa kwanza niliongea naye juu ya chumvi. Mwaka wa pili, chumvi. Wa tatu aliniletea matunda ya persimoni aliyoyakausha mwenyewe. Nikashukuru, tukaongea juu ya kinyesi cha ndege na ubaya wake kwa rangi. Wa nne nilikuwa na maneno mdomoni kabisa, nikayameza. Akiondoka nilikuwa nahesabu miezi kama mfungwa.

Dada yangu Hisae, anayebandika tepu za kukinga kingo za magari na kupokea wageni, hakunionea huruma.

"Kwenye gari unajua sekunde," aliniambia. "Kwa mtu, miaka mitano bado unasubiri nini?"

"Bandika tepu, dada."

"Nabandika. Ningeweza ningekubandika wewe kwenye kiti cha gari lake."

Mwaka huu niliapa. Nilinyoa, nikavaa ovaroli safi. Nikishagonga muhuri wa tano nitamwambia: Bi. Onodera, jirani hapa wanapika tambi nzuri za soba, twende tukale. Basi, hayo tu. Niliyafanyia mazoezi mbele ya madumu ya shampuu.

Alikuja Jumanne, koti la kijivu, nywele amezikata fupi. Nikajificha kwenye kazi. Nikaosha gari, nikakausha, nikawasha taa. Nikaona boneti.

Ilikuwa imejaa mikwaruzo myembamba, mamia kwa mamia, yote imelala upande mmoja. Mtu wa kazi hii haulizi. Ile ni kazi ya mashine ya brashi inayoosha magari kwenye kituo cha mafuta, ile ninayowakataza wateja wote kwa maandishi mekundu. Soba ikanitoka kichwani.

"Nani amelipitisha gari hili kwenye brashi?" Nilipaza sauti, Mungu anisamehe.

Bi. Onodera aliinamisha kichwa. "Ni mimi, Fundi. Niwie radhi."

"Mara moja?"

"Zaidi kidogo."

"Niliandika! Nilisema! Wewe ungekubali mtu asugue hariri yako kwa ufagio?"

"Nisingekubali," alisema polepole. Kisha akainua macho. "Je, limeharibika? Litahitaji kupakwa upya? Siku mbili, kama mara ile, halafu miaka mingine mitano?"

Nami, punguani niliyezaliwa na mama mwema, nikamjibu kwa kiburi. "Kupakwa upya? Kazi yangu haifi kwa brashi! Mikwaruzo hii imeishia juu juu. Nitapitisha polishi laini, nipake tabaka moja jembamba, baada ya saa mbili umeondoka. Hutahitaji kurudi hapa tena."

"Ahaa," alisema. "Vizuri basi."

Safari hii hakuomba kiti. Alingoja nje, kwenye baridi, ametugeuzia mgongo. Nilipomaliza nikagonga muhuri wa tano, akainama, nikainama, akawasha gari. Nilibaki nimeshika muhuri mkononi.

Hisae alikuwa amesimama na tepu yake. "Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Mwanamke anafua hariri kwa ncha za vidole miaka thelathini. Leo hajui kama brashi inakwaruza?"

Nikauweka muhuri mezani.

"Anajua kuliko wewe. Gari alilokuwa analipenda hivyo, amelitia kwenye brashi mara ngapi sijui, aje umwambie lirudi. Na wewe ukamwambia kazi yako haifi."

Niliketi juu ya ndoo. Sijawahi kuichukia kazi yangu nzuri kama nilivyoichukia wakati ule. Nilimwona akilipitisha lile gari la mumewe chini ya brashi, amekaa ndani, mikono mapajani, akisikia kila unywele ukikwaruza. Kwa ajili yangu. Nami nimemfokea.

Nilingoja saa moja ipite, afike salama. Nambari yake ilikuwa kwenye kadi ya mteja. Nilishapanga uongo: nimekagua vibaya, gari ni bovu, lilete upesi. Akapokea.

"Fundi Ezure? Kuna tatizo na gari?"

Uongo ukanishinda. Siwezi kuisingizia rangi niliyoishika kwa mikono yangu.

"Hapana," nikasema. "Gari ni zima. Litakaa miaka mingi bila kupakwa tena."

"Nimefurahi kusikia."

"Mimi sikufurahi. Nimekufokea, nisamehe. Bi. Onodera, gari halina haja ya kuja kwangu tena. Lakini wewe njoo."

Nilisikia birika likichemka kwake, akalizima.

"Watabiri wanasema Jumapili theluji itaanza," alisema. "Watamwaga chumvi barabara yote."

Nikaona ananikataa kwa adabu. Ni haki yake. "Kweli," nikajibu. "Chumvi ni mbaya."

"Ni mbaya," alisema Bi. Onodera. "Kwa hiyo gari nitaliacha nyumbani. Nitakuja na treni."