Ruhusa ya Bwana

Domitille alikuwa mkunga. Kwa miaka mingi alizalisha wanawake wa Bukavu akisaidiana na mtawa mmoja wa Kibelgiji, Masœur Sophie, mpaka wakazoeana kama ndugu. Sophie alipozeeka alirudi kwao, katika mji mdogo ulio kando ya bahari, na kila Noeli alimwandikia. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, Zaïre ikiwa bado Zaïre, aliandika jambo jipya: njoo unitembelee mwezi mmoja, tiketi nitalipa mimi.

Domitille hakuwa na ugonjwa wa kupeleka Ulaya, wala masomo, wala biashara. Mtoto hakujaliwa kupata. Aliishi peke yake katika mtaa wa Nguba, katika nyumba ndogo yenye bustani ya maharagwe inayoteremka kuelekea ziwani. Akajiuliza: mbona nisiende? Nitembee tu, nione, nirudi.

Alidhani ugumu utakuwa kwenye ubalozi mdogo wa Wabelgiji. Kumbe pale walimweleza kila kitu vizuri: pasipoti, barua ya mwaliko, karatasi ya chanjo ya homa ya manjano, tiketi ya kwenda na kurudi. Akishavipata arudi, viza itaangaliwa. Mambo yalianza kumchanganya siku alipokwenda kwenye ofisi ya serikali kuomba hiyo pasipoti na ruhusa ya kutoka nchini.

Afisa aliyempokea aliitwa citoyen, yaani mwananchi, Mushagalusa, mzee mwembamba mwenye miwani na abacost ya kijivu, ile suti isiyovaliwa na tai.

"Motif ya safari?" aliuliza.

"Kutembea."

"Kutembelea nani?"

"Kuko rafiki yangu kule. Lakini zaidi ni kutembea. Kuona."

"Kuona nini?"

Domitille akafikiri. "Sijue. Sijaona bado."

Mushagalusa aliweka kalamu chini. "Citoyenne, batu banaendaka Ulaya juu ya ugonjwa, ao masomo, ao biashara. Wewe uko mugonjwa?"

"Hapana, niko muzima."

"Basi nitaandika *touriste*." Akaliandika polepole, kama daktari anayeandika ugonjwa ambao hajawahi kuutibu. Kisha akachukua barua ya Sophie. "Hapa banaita Domitille. Domitille ni nani?"

"Ni mimi."

"Kwa karatasi zako minaona Nsimire."

"Majina ya ubatizo si ninyi serikali mulikataza?"

"Tulikataza. Kwa hiyo Domitille haiko mutu."

"Ni mimi, citoyen."

Afisa akaguna, akaandika maneno fulani pembeni ya barua. Akageuza kitambulisho cha Domitille, akasoma, akainua uso. "Uko mariée. Ruhusa ya bwana iko wapi?"

Mume wake, Gaston Bulonza, alikuwa amekwenda Bunyakiri zamani kununua mafuta ya mawese. Alisema atarudi baada ya wiki. Hakurudi. Habari zilikuja zenyewe, na madereva wa malori: Gaston amefungua duka, Gaston ana mwanamke anaitwa Constance, Gaston amepata watoto. Domitille alilia, akanyamaza, akaendelea na kazi. Kwenda mahakamani hakukwenda; walikuwa wamefunga ndoa kanisani, na kwao ndoa ya kanisani haikuvunjwa. Mtu akimwuliza, alijibu kwamba hana bwana, na yaliishia hapo.

"Iko Bunyakiri," alisema. "Iko na bibi ingine."

"Mulitengana kwa tribunal?"

"Hapana."

"Basi ni bwana yako. Akuje hapa, aseme mbele yangu kama anakuruhusu."

Alitoka nje, akasimama juani bila kujua aelekee upande gani. Mtu aliyemwacha bila kumwomba ruhusa, sasa ndiye wa kuombwa ruhusa! Alirudi ndani kuuliza kama amesikia vizuri. Alikuwa amesikia vizuri.

Wiki iliyofuata alipanda lori sokoni Nyawera, akapita msitu wa mianzi wa Kahuzi, akateremka kwenye joto na matope hadi Bunyakiri. Gaston alikuwa amekaa mbele ya duka lake la chumvi na sabuni, mnene, nywele zimeanza mvi. Alipomwona alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa."

"Basi kuko nini?"

Akamweleza. Gaston alisikiliza akiwa amekunja paji la uso. "Unataka ruhusa yangu? Mimi?"

"Serikali njo inataka. Mimi siitaki."

"Na nikisema hapana?"

"Utakuwa umesema hapana."

Hakusema hapana, wala ndiyo. Constance akatokea na kiti, kisha na sahani ya ugali na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makini, mdogo kuliko Domitille alivyomwazia. Alikuwa amesikia yote akiwa nyuma ya pazia.

"Ataenda kusema," alimwambia Domitille. "Na mimi nitaenda naye. Huyu akienda safari anasahauka njia ya kurudi."

Domitille hakujua kama ule ni msaada au tusi. Akala ule ugali.

Basi wakaingia ofisini watatu. Mushagalusa aliwatazama mmoja mmoja, akaongeza kiti.

"Citoyen Bulonza, huyu ni bibi yako?"

Gaston alimtazama Domitille, akamtazama Constance, akatazama dari. "Alikuwa."

"Alikuwa, kisha akakufa?"

"Hapana. Iko hapa."

"Na huyu mwingine?"

"Ni bibi yangu."

"Kwa sheria ya Zaïre bibi ni moja."

"Ni vile, citoyen."

"Basi ni nani?"

Gaston alirudi kutazama dari. Afisa alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Sikiliza. Kama huyu haiko bibi yako, ruhusa yako haina kazi, ataniletea jugement ya tribunal kama mulitengana. Kama ni bibi yako, sema unamuruhusu. Ndiyo ao hapana?"

Domitille alitazama mikono yake. Miaka yote hiyo alikuwa akiwaambia watu kwamba hana bwana, na sasa anamwomba Mungu kimoyomoyo huyu mwanamume aseme kwamba yeye ni mke wake! Aliona haya. Alitaka kucheka. Na chini ya yote hayo aligundua kitu kingine kilichomtisha: kwamba hata kama pasipoti isingekuwepo, bado angetaka kusikia Gaston atajibu nini.

"Sema ndiyo, Papa Jean-Baptiste," Constance alisema ghafla, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Na wewe je?"

"Mimi minajua nyumba kwenye unalalaka. Sema."

Gaston akakohoa. "Ni bibi yangu. Namuruhusu aende."

"Kufanya nini?" afisa aliuliza, kalamu tayari.

"Kutembea."

"Kuona nini?"

"Hata yeye mwenyewe hajue, citoyen."

Mushagalusa akagonga mhuri.

Nje hakuna aliyejua namna ya kuagana. Gaston alitoa mkono, kama kwa mteja. Constance aliuliza, "Utarudi?"

"Nitarudi."

"Aya," alisema Constance, na uso wake haukuonyesha kama amefurahi au la.

Baada ya hapo viza haikuchelewa. Domitille alipanda ndege, na njia nzima alipanga majibu kichwani: kwa nini mwaliko una jina moja na pasipoti jina jingine, kwa nini bwana yuko Bunyakiri, chanjo alichomwa wapi. Uwanjani Ulaya polisi kijana alifungua pasipoti, akagonga mhuri, akamrudishia. Domitille alibaki amesimama, majibu yote yakiwa bado mdomoni, mpaka watu wa nyuma wakamwomba asogee.

Mji wa Sophie ulikuwa na upepo mwingi. Walikaa kwenye benchi, blanketi moja magotini mwa wote wawili, wakitazama maji ya kijivu. Kuna siku Domitille alifurahi sana, na kuna siku alikaa dirishani akijiuliza amefuata nini. Alimsimulia Sophie mambo ya ofisini. Sophie alicheka mpaka akakohoa, kisha akauliza, "Kwa hiyo, sasa una bwana au huna?" Domitille alisema ataendelea kufikiri.

Hakupewa muda mrefu wa kufikiri. Siku chache baada ya Domitille kurudi Bukavu, Gaston alibisha hodi Nguba, nguo zimepigwa pasi, na mfuko wa mchele begani.

"Constance anajua uko hapa?"

"Anajua nimekuja kununua chumvi." Akatua mchele. "Domitille, mbele ya serikali nilisema uko bibi yangu. Tangu siku ile silali vizuri. Labda nilisema kweli."

Domitille alicheka mpaka akakaa chini. Gaston alisubiri, akatabasamu kidogo, akaacha. Domitille alimpikia, akamwekea maji ya kunawa, wakala pamoja wakizungumza juu ya watoto wa Gaston, na hasa binti mmoja anayependa kusoma. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko mengi waliyozungumza wakiwa wanaishi pamoja. Ndipo Domitille aliposimama, akachukua mfuko wa mchele, akamwambia, "Twende."

Alimsindikiza mwenyewe mpaka Nyawera, akamtafutia nafasi kwenye lori, mbele, karibu na dereva. "Umupe Constance huu muchele," alisema. "Umuambie nilikupokea, nikakulisha, nikakurudisha."

"Ni hasira?"

"Hapana."

"Basi ni nini?"

"Sijue, Gaston. Panda."

Lori liliondoka likitoa moshi mweusi. Domitille aliingia sokoni, akanunua sambaza, dagaa wa ziwani, na nyanya, akabishana na muuzaji kidogo kama kawaida yake. Machozi yalikuwa yakimtoka, na muuzaji alipomwuliza kuna nini, alitaka kumjibu kwa kweli, akatafuta neno, akalikosa. Aliomba aongezewe sambaza kidogo, akaongezewa.