Tundu ya Kare

Karakana ya Stany huko Musonoi ilikuwa na mashine ya kuchomea, mashine ya kutoboa, tupa mbili, nyundo, na kiburi cha kujaza mtaa mzima. Alitaka kumwoa Falonne. Babake binti, tata Mukalay, fundi mstaafu wa mgodini, hakuwa tayari kupokea wazee wa kijana ambaye kazi yake yeye mzee hajaiona.

Jumatatu mzee alisimama barabarani akaagiza bomba la kukingama dirishani, la kupitishwa nondo tano. Nondo za mraba anazo nyumbani. Akaongeza neno la mwisho, lakini lori la mawe ya shaba likapita likinguruma, na Stany akasikia: tundu ya kare. Yaani tundu za mraba. Kuuliza mara ya pili aliona aibu. Akaitika, “Ndiyo, tata.”

Papy, mchomeaji wa ng'ambo ya barabara, aliposikia agizo hilo alicheka mpaka akakaa chini. Akamkumbusha kwamba keekee huzunguka, basi tundu lake ni duara tu. Achome kwa moto, mambo yaishe. Stany akamjibu kwamba tundu la kuchomwa hufanana na mkate uliotafunwa na panya.

Alichukua bomba la maji, akatoboa, akazigonga tundu zipate pembe. Bomba likabonyea. La pili likabonyea vilevile.

Jumatano akapata akili. Alishindilia mti mgumu ndani ya bomba la tatu ili lisibonyee, kisha akatoboa ukuta huu, mti, na ukuta wa pili kwa mpigo mmoja. Akatwaa kipande cha ekseli ya lori, akakisaga kiwe mraba, chembamba mbele, kinene nyuma, akakichonga meno kama ya msumeno. Akakipasha kwenye makaa hadi kikawa chekundu, akakitumbukiza katika oili chafu. Kikawa kigumu kweli. Alipokigonga kupitia tundu, kila jino liliondoka na chembe yake ya chuma, na upande wa pili zikatokea pembe nne. Stany aliimba kwa sauti. Papy akaja, akaingiza kidole tunduni, akavuka barabara, akarudi na nyundo nzito zaidi.

Jumamosi Stany alilipeleka bomba begani. Tata Mukalay aliligeuza huku na huku.

“Hii ni nini?”

“Tundu ya kare, tata. Ziko kumi.”

“Mi nilisema tibu ya kare. Tibu, bomba yenyewe. Hii yako iko ya duara.”

Mlangoni Falonne aliuma pindo la kitenge chake. Stany alisikia masikio yakiwaka moto. Angeweza kulisingizia lori peke yake.

“Lori ilipita, tata. Na mi nilipata haya ya kuuliza.”

Mzee alichukua nondo moja, akaisukuma tunduni. Ikapenya kuta zote mbili. Akajaribu kuizungusha. Haikusogea hata unywele. Akajaribu ya pili, mpaka ya tano, kisha akauliza ni mashine gani. Stany akatoa mfukoni kile chuma chenye meno. Mzee akakipapasa kwa kidole gumba, na uso wake ukawa wa fundi kijana wa miaka ishirini.

“Wazee wako balete Jumapili,” alisema. “Lakini siku ile nikitaja bitu bya mahari, usikie muzuri. Usiniletee mbuzi ya kare.”

Falonne ndiye aliyeanza kucheka.