Mama Aliyempa Mwanawe C

"Mpe B, Verlene. Hata B tu. Utapungukiwa na nini?"

Darla Huckaby alikuwa amesimama upande wake wa ua, mikono kiunoni, na sauti yake ilinifikia mpaka saluni. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba yangu, dirisha linatazama nyumba zao mbili, na sijawahi kuliwekea pazia. Nilikuwa na mteja kitini, rangi imepakwa nusu ya kichwa. Nikamwambia, "Tulia hapo mpenzi, rangi ishike vizuri," nikatoka na glavu zangu mkononi.

"Siwezi kuandika alama ambayo mtoto hakuipata," alisema Verlene Stoddard. Alikuwa anaanika nepi za mapacha wake wachanga, na hakugeuka hata kumtazama mwenzake.

"Alama gani?" niliuliza.

"Kampa Kezia C," Darla alinigeukia. "Ya kemia. Mwanawe wa kumzaa, Opal. C."

Nilisimama nikashika nguzo ya ua. Mtaani kwetu watoto wengi wanasomea nyumbani mpaka wanamaliza sekondari. Mama ndiye mwalimu, ndiye mkuu wa shule, na ndiye anayeandika matokeo ya kupeleka chuoni na kuyatia sahihi. Kwa hiyo miaka yote niliyokaa hapa nimeziona A tu. Hata yule kijana wa ng'ambo ya reli, asiyejua kusoma saa ya ukutani, alimaliza na A tupu. Sikujua kama mama anaweza kumpa mwanawe C.

Tena si mtoto yeyote, ni Kezia. Kila mtu alijua habari zake, na asiyejua nilimwambia mimi. Chuo kilikuwa kimemkubali akasomee tiba ya mifugo, kwa ufadhili, ila walisubiri matokeo ya kemia. Akiwa na B, anakwenda. Akiwa na C, ufadhili anapewa mtu mwingine, na baba yake anaendesha lori la mizigo. Bila ufadhili hakuna chuo. Matokeo yalitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

"Darla," nilisema, "na wewe inakuuma nini? Kezia si wako."

"Inaniuma kwa sababu Boone wangu kaomba chuo hichohicho. Wamesoma kemia darasa moja, jikoni kwa huyuhuyu. Watu wa chuo wataona mtoto wa mwalimu kapata C na Boone kapata A. Watatufikiriaje?"

"Watafikiri ukweli," alisema Verlene. "Boone amenivunjia vyombo vyote vya kioo. Ile A umeandika wewe."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Darla akawa mwekundu mpaka masikioni.

Hapo Kezia akatoka ndani, pacha mmoja huku na mwingine kule, kama anayetoka gulioni. Ni msichana mrefu, mkimya, ana miaka kumi na saba. Akasema, "Mama, huyu ana njaa," akanikumbuka na mimi, "Habari za mchana, Bi Opal."

"Nzuri, mwanangu. Mama yako anasema umekosa kemia."

"Nilikosa majaribio," alisema. "Nusu nzima. Ni kweli."

"Darasa lilipohamia kanisani wakati wa mimba yangu, hakwenda hata mara moja," Verlene aliongeza, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka. "Nilimuuliza kila wiki. Akanijibu atasoma mwenyewe. Sasa mtu asiyetaka kwenda, nimfanyeje?"

Mimi nilidhani nasema jambo ambalo kila mtu analijua. Ndiyo kosa langu siku zote. Nikasema, "Angekwendaje, Verlene, na nyumba yote alikuwa nayo peke yake?"

"Peke yake vipi?"

"Si ulikuwa umelazwa kitandani, daktari kakataza usinyanyuke mpaka mapacha wazaliwe? Nani alikuwa anapika? Nani alikuwa anafua, nani anawafundisha wale wadogo zake watatu kusoma? Kila nikipita na mkate wa mahindi namkuta huyu na ndoo."

"Kulikuwa na zamu," Verlene alisema polepole. "Akina mama wa kanisa walipanga zamu. Kila siku mtu wake."

Mimi kanisani sionekani sana, mambo ya zamu siyajui. Lakini nilimtazama Kezia, naye alikuwa anaangalia miguu yake.

"Kezia," alisema Verlene. "Jumatatu alikuja nani?"

"Walikuja wiki ya kwanza, Mama."

"Halafu?"

"Halafu kila mmoja alidhani mwenzake anakuja."

"Uliniambia wamepita. Kila jioni uliniambia wamepita. Ile supu ya kuku na tambi, uliniambia Darla ndiye kaileta. Alhamisi."

"Niliipika mimi."

"Nilimtumia Darla kadi ya shukrani," alisema Verlene.

Sasa sote tuligeuka kumtazama Darla. Mikono ilikuwa imemshuka kiunoni.

"Niliipata," alisema. "Nilidhani umekosea mtu."

"Uliipata ukanyamaza?"

"Nilikuwa na aibu, Verlene. Kila siku nikasema kesho nitakwenda. Kesho ikawa wiki, na ikishakuwa wiki mtu anaingiaje mlangoni?"

Verlene alikaa chini. Hakutafuta ngazi wala kiti, alikaa pale pale kwenye majani, nepi mbichi mapajani. Nimemwona huyu mwanamke akizaa, nimemwona akizika mama yake, sijawahi kumwona na uso ule. Alikuwa kama mtu aliyeamshwa kwenye nyumba asiyoijua.

"Kwa nini hukuniambia?" alimuuliza binti yake.

"Ungeamka."

"Ningeamka, ndiyo."

"Basi," alisema Kezia, akamhamisha pacha mmoja begani.

Hapo mteja wangu akatoka barazani na kichwa chake. "Opal, kinaniwasha." Nikamrudisha ndani mbio nikamwosha, nywele zilitoka rangi ya karoti, na sikumdai kitu. Niliporudi uani Verlene alikuwa amesimama, anajifuta macho kwa nepi.

"Naandika A," alisema. "Naiandika sasa hivi."

"Usiandike," alisema Kezia.

Hapo hata Darla alishtuka. "Mtoto, una wazimu? Mama yako anakupa A."

"Sijui yale majaribio, Bi Darla. Nikifika chuoni wataniweka mbele ya meza yenye vyombo, nitasimama kama mti. Nataka niyafanye, halafu Mama anipe ninachostahili."

Wale wawili walitazamana, mama na binti, kidevu kilekile kimeinuliwa vilevile, nikajua hakuna wa kumshinda mwenzake.

"Utayafanyia wapi?" aliuliza Verlene. "Jikoni kwetu wadogo zako watakunywa siki yote. Na vyombo hatuna."

"Saluni ina sinki mbili," nilisema, "na siku mbili hizi nimefunga."

Sikuwa nimefunga. Wateja niliwapigia simu jioni nikawaambia bomba limepasuka.

Vyombo vililetwa na Boone. Alikuja Jumatano asubuhi na sanduku la vioo alivyonunua mwenyewe, akaliweka mlangoni, akasema, "Ni vile nilivyovunja," akakimbia kabla sijamuuliza lolote, na mimi nilikuwa na mengi ya kumuuliza.

Siku ile na iliyofuata saluni yangu ilinuka siki na kabichi, dawa zake za majaribio. Kezia alipima, akachemsha, akachuja, akaandika. Nilimsaidia kuosha tu, maana mambo yenyewe kwangu yalikuwa kiza. Verlene alikaa kwenye kiti cha wateja, mapacha mapajani, akawabadilisha nepi mwenyewe. Kila Kezia akigeuka kwa mazoea kuwachukua, mama yake alisema, "Kazi yako iko kule."

Alhamisi jioni likabaki jaribio la mwisho. Ilikuwa kudondosha dawa tone kwa tone ndani ya maji meupe, mpaka yawe rangi ya waridi, hafifu, isiyokolea. Ukizidisha tone umeharibu. Kezia aliinama, akadondosha, akadondosha, na ghafla maji yakawa mekundu kama jino lililong'olewa sasa hivi.

"Umepitiliza," alisema Verlene.

Nilitaka kumpiga na kitana. Kezia alikichukua chombo. Alimwaga, akaosha, akaanza upya, na safari hii ilichukua muda mpaka mgongo ukaniuma mimi niliyekuwa nimesimama tu. Tone. Akatikisa. Tone. Maji yakashika rangi ya waridi, kama shavu la mtoto, yakabaki hivyo.

Verlene alikuja akayatazama karibu, akasoma yote aliyoyaandika, toka mwanzo.

"B," alisema. "Moja umepitiliza."

"B," alisema Kezia, akaanza kucheka, akashindwa kuacha, na mama yake akamshika kichwa akakilaza begani kwake katikati ya vioo vyangu vyote.

Nilikuwa nimekwenda kugeuza maharage jikoni mlango ulipobishwa. Alikuwa Darla, amebeba bakuli kubwa la tambi na jibini lililofunikwa karatasi ya fedha, mvuke unatoka pembeni. Hakuingia. Alimtazama Verlene kupitia wavu wa mlango.

"Zamu yangu ilikuwa Alhamisi," alisema. "Leo Alhamisi."

Nyumba ni yangu na mlango ni wangu, lakini neno halikuwa langu, kwa hiyo nilifanya jambo ambalo marafiki zangu hawataliamini. Nilinyamaza.

Verlene akampa Kezia kiti, akambeba pacha mmoja, akaenda kusukuma wavu kwa kiwiko.

"Ingia, Darla," alisema. "Njoo tule kabla chakula hakijapoa."