Kadi Isiyo na Waranti

Kompyuta ile ilijengwa kipande kwa kipande, kama ndege anavyojenga kiota, katika mwaka mzima kijana alipokuwa akitibiwa saratani ya damu. Kasha lilinunuliwa baada ya dozi ya kwanza, skrini baada ya ya tatu, na siku daktari alipotamka kwamba damu ya kijana imesafika, mjomba wake alileta kibodi yenye taa za rangi, akaichezea kwanza yeye mwenyewe ndipo akaikabidhi. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu: kadi ya grafiki, kile kipande kinachochora picha za gemu. Bila hicho, mashine yote ilikuwa sanduku la taa.

Dada yake ndiye aliyeahidi kuinunua. Alikuwa mtu wa maabara ya hospitali, benchi la damu, na miaka kumi na miwili ya kuhesabu chembe kwa darubini ilikuwa imemfundisha kusema machache na kuwa na hakika nayo. Wiki tatu nyuma, katika rundo la slaidi za asubuhi, alikutana na namba ya mgonjwa aliyoijua kama jina lake: ya mdogo wake. Akahesabu. Akahesabu tena. Akamwomba mwenzake ahesabu pasipo kumwambia ni ya nani, na mwenzake akatikisa kichwa: "Maskini, huyu ugonjwa umemrudia." Daktari naye hakuuma maneno. Miezi miwili, alisema. Ikizidi, haitafika mitatu. Akaongeza kwamba kijana wa miaka kumi na tisa ana haki ya kuambiwa. Dada akaomba amwambie yeye mwenyewe. Tangu hapo alifika nyumbani kila jioni maneno yakiwa yamemjaa kinywani, na kila jioni akayameza pamoja na chai.

Duka la fundi wa kompyuta walikoingia wawili hao lilikuwa chumba chembamba chenye meza moja ndefu na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa. Kijana alikalia kigoda pekee kilichokuwapo, akatweta kidogo, akajifanya anakohoa.

"Kamanda!" fundi alimlaki, miwani ikiwa juu ya paji la uso. "Leo umekuja kununua au kuniibia?"

"Ningekuwa mwizi ningekwenda duka lenye vitu."

"Msikie! Dada, huyu mdogo wako mwili umeugua, lakini ulimi haujalala hata siku moja."

Fundi akaweka kadi mbili mezani. "Bei yao moja, tabia mbalimbali. Hii ndogo ni mpya, waranti miaka miwili. Gemu lako itaendesha, ila kwa picha za chini. Msitu utauona kama ukuta uliopakwa rangi ya kijani. Na hii…" Aliinyanyua ya pili kwa mikono miwili, pande zito la feni tatu. "Hii ilikuwa mfalme. Ilikufa, nikaifufua. Viungio vyake vya ndani vilipasuka, nikavichoma kwa hewa ya moto vikashikana tena. Sikufichi, kadi iliyochomwa haifiki mbali. Mwingine angekuuzia akanyamaza. Mimi napenda kukutana na wateja wangu njiani bila kujificha."

Akaichomeka kwenye mashine yake ili waione. Skrini ikafunguka msituni, mvua ikinyesha, kila jani likiinama kwa tone lake na kuinuka. Kijana alisogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo.

"Dada, ona. Ona tope lile!"

Ilikuwa sauti ambayo dada hakuwa ameisikia kwa mwaka mzima, na pengine ndiyo iliyomvua silaha. Alimgeukia fundi, akauliza kama anavyouliza benchini, kwa utaratibu:

"Itadumu muda gani?"

"Miezi mitatu. Ikibahatika, minne."

"Chini ya mitatu haishuki?"

"Haishuki. Hapo naweka shingo yangu."

"Basi inatosha."

Neno likitoka halirudi. Fundi alicheka, akasifu mteja anayejua anachotaka, akaingia chumba cha nyuma kutafuta boksi. Kijana hakuyaondoa macho kwenye skrini.

"Inatosha nini, dada?"

"Nasema kwa bei hii…"

"Bei ni moja. Na wewe uliwahi kurudisha pasi dukani kwa sababu waya ulipungua shibiri moja. Inatosha nini?"

Alitafuta uongo, hata mdogo, akakuta mkono mtupu.

"Umeona mwenyewe?" kijana aliuliza.

"Nimehesabu mwenyewe."

"Lini?"

"Wiki tatu sasa."

"Wiki tatu." Aliyarudia maneno hayo taratibu. "Juzi nimejaza fomu ya kurudi chuoni. Ulikaa pembeni yangu. Ukanikosoa herufi kubwa na ndogo."

"Mdogo wangu…"

"Mama anajua?"

"Hajui."

Fundi alirejea akipangusa vumbi kwenye boksi kubwa. Kijana aliiachia mausi.

"Fundi, tupe ile ndogo."

"Eh! Umeonja asali, unaomba shubiri?"

"Ile yenye waranti."

"Chukua unayoitaka," dada alisema, na sauti yake ikawa ya kuomba. "Tafadhali. Chukua hiyo."

Kijana alimvuta mkono mpaka sikio lake likawa karibu. "Mama ataomba karatasi ya waranti. Hata jagi analiombea karatasi. Akiambiwa wewe umekubali kitu cha miezi mitatu, itamchukua muda gani kuelewa? Mimi imenichukua dakika moja."

"Tutamwambia."

"Nitamwambia mimi, siku nitakayoiweza. Wewe ulijipa wiki tatu bila kuniuliza. Nami niachie zangu."

Dada akalipia ile ndogo.

Nyumbani mama alivaa miwani, akaisoma karatasi ya waranti mwanzo hadi mwisho, akipitisha kidole chini ya kila mstari. "Miaka miwili!" alisema. "Angalau safari hii mmenunua kitu cha maana. Itakwisha ukiwa na ishirini na moja, umekaribia kumaliza chuo."

"Ndiyo, mama," kijana alijibu. Alikuwa tayari mbele ya mashine, akipunguza ubora wa picha ngazi baada ya ngazi mpaka gemu likaacha kukwama.

Mama alipekua droo, akatoa kalamu, akamsogezea binti yake karatasi. "Iandike hapa juu tarehe ya mwisho, isije ikatupita. Mwandiko wako ndio unaosomeka."

Dada aliipokea kalamu. Kijana alisimamisha gemu, akageuka kitini, akautazama mkono ule bila kupepesa, kama msimamizi wa mtihani. Dada akaandika siku, akaandika mwezi, akaandika mwaka kwa tarakimu zote nne, kama wanavyofundishwa maabara. Kijana akageukia skrini, na mama akaupuliza wino ukauke.