Kucha Tatu Kwenye Kitako cha Chungu

Uvumi ulinifikia kwa fundi cherehani wa nyumba ya pili, nimesimama ananipima kiuno. Akaniambia huku pini ziko mdomoni, "Eti binti yako siku hizi anamwita yule mgeni wa karakanani Mama." Nikacheka. Nikamjibu kwamba mtoto mwenye adabu kila mwanamke mkubwa kwake ni mama. Lakini neno lile halikubaki kwa fundi cherehani. Lilinifuata mpaka nyumbani, nikiosha vyombo lipo, nikijifunika shuka limeshalala upande wa ukutani.

Nawaandikia akina mama wenzangu mliojaliwa watoto wenye mikono mizuri. Mkono mzuri hauna mwenyewe mmoja. Mjue hilo mapema.

Binti yangu ni mfinyanzi. Mimi siyo, udongo ukiniingia kwenye kucha nawashwa mpaka kiwiko. Aliyemfundisha ni wifi yangu, dada wa mume wangu. Tangu hajaanza shule mtoto alikuwa kutwa kwa shangazi yake, anarudi ana udongo hadi masikioni. Na wifi alikuwa na neno lake la kunichoma mbele za watu: "Wewe ulimzaa, mimi nikamfinyanga." Watu wanacheka, nami nacheka, meno nje, moyoni moshi unafuka.

Kisha wakaja wageni. Chama cha wafinyanzi cha kwao na cha kwetu vilikubaliana kushirikiana: wao walete tanuri la gesi na wataalamu wa udongo, sisi tutoe udongo, karakana na vijana wa kazi. Walitaka kitengenezwe chungu kimoja kikubwa, udongo wetu na rangi yao, ile inayogeuka kioo motoni, kikasimame kwenye maonyesho ya mataifa. Binti yangu akachaguliwa kukifinyanga na kukisindikiza. Angekaa huko wiki moja, arudi. Wiki nilisema nitaivumilia.

Mkubwa wa wageni alikuwa mwanamke mrefu wa makamo, ana viganja kama vya mwashi. Karakana nzima ilimwita Mama Vipimo, maana hata chumvi ya chakula chake angeipima kama mizani ingekuwa karibu. Kazi iliwatesa. Udongo wetu ukichomwa hunywea kwa namna yake, na rangi yao kwa namna yake; visipopatana, kioo chote kinafanya nyufa. Wakachoma vigae vidogo vidogo, wakibadilisha kipimo kila mara, mpaka siku moja binti yangu akaja mbio na kigae mkononi, amekifunga kwenye leso kama kifaranga.

"Mama, tazama, hakina ufa hata mmoja! Mama Vipimo analia kwa furaha!"

"Kula kwanza," nikamwambia.

"Mama Vipimo anasema..."

"Nimesema kula."

Chungu kikubwa kilipokwisha kuingia tanurini, nikachoka kulibeba neno lile peke yangu, nikaenda kwa wifi kumwambia uvumi ule. Alifurahi huyo! Alipiga makofi kabisa.

"Hongera, wifi yangu! Umepata mke mwenza wa uzazi."

"Cheka tu," nikasema. "Yule mgeni ana muhuri wake, anaugonga kwenye kitako cha kila chombo. Na chungu kile kikubwa kimeshagongwa. Mtoto kaniambia mwenyewe."

Kicheko kikamkauka usoni. Wifi ana alama yake: kucha tatu, anazibonyeza kwenye kitako udongo ukiwa bado mbichi. Aliirithi kwa mama yake, akampa binti yangu. Sitawadanganya, kumwona vile roho yangu iliburudika, kama mtu aliyetua mzigo kichwani kwa mwenzake.

"Na kucha zangu je?" akauliza.

"Mimi nitajuaje? Mimi nilizaa tu."

Keshoye mchana tukaongozana kupeleka chakula karakanani. Wageni na vijana walikuwa chumba cha pili kwenye kikao. Mchomaji ametoka kidogo. Tanuri lilikuwa limezimwa, chungu kimo ndani, linapoa. Mlangoni walitundika kibao: USIFUNGUE. Na kile kioo cha kuonyesha joto kilikuwa bado kinasoma mamia ya digrii.

"Tuchungulie kitako tu," wifi akasema.

"Hujaona kibao?"

"Mimi natoa vyungu kwenye makaa mekundu tangu sijavunja ungo, leo kabati hili la bati linitishe?"

Na ni kweli. Nyumbani kwake anakitoa chungu motoni kwa mti mrefu, kimeiva kama jua, anakilaza kwenye majani na hakifanyi kitu. Lakini udongo wake anauchanganya na vigae vilivyosagwa, unapumua, na hauvai kitu juu. Huu wa chungu cha wageni ulichujwa ukawa laini kama unga, halafu ukavishwa kioo.

"Wifi, tuwangoje wenyewe."

"Unaogopa nini? Utakuta picha ya mke mwenza?"

Ikanichoma. Nikampisha.

Akavaa zile glavu ndefu za mchomaji, akavuta mlango. Joto lilitupiga usoni tukarudi nyuma. Akajikaza, akakishika chungu mikono imenyooka, akakilaza kwenye matofali. Jamani, kilikuwa kizuri. Rangi yake kama maji ya kisima ukiyachungulia kwa juu. Wifi hakuitazama rangi. Alikigeuza, akainama.

Kucha tatu. Pembeni yake muhuri wa Mama Vipimo, vimekaa pamoja kama majirani.

"Kucha zangu!" wifi akapiga kelele. "Mtoto hakunisahau! Umeziona? Wewe, umeziona?"

Niliziona. Nami nikainama, nikakizunguka kitako kile chote kwa macho, natafuta changu. Kipi? Mimi hata bakuli sijawahi kufinyanga. Lakini nilitafuta. Watu wawili walikuwepo pale kitakoni kwa alama zao, na mimi niliyembeba tumboni sikuwepo.

Ndipo chungu kikaanza kulia. Ti. Ti-ti. Kama glasi uliyoimiminia chai ya moto. Ufa ukatoka mdomoni, ukateremka taratibu mbele ya macho yetu, kipande kikaanguka. Mle ndani ya tanuri nako vigae vya majaribio vilivyochomwa pamoja nacho vikaitikia, ti, ti, ti.

Walisikia kelele wakaja. Binti yangu alisimama mlangoni.

"Shangazi," akasema. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama ulikuwa hapa?"

"Nilimwambia tungoje!"

"Uliniambia kwa mdomo," wifi akadakia. "Macho yako yalikuwa yanasukuma mlango."

Mama Vipimo hakugomba. Alichuchumaa, akashika kipande kimoja, akakipuliza. Wakaanza kuongea na binti yangu kwa lugha ya huko kwao. Sikuwa najua kama mtoto wangu ameijua kiasi kile. Mgeni akamwambia jambo, na binti yangu, machozi yanamtoka, akacheka. Mimi mtoto huyu akilia humnyamazisha kwa kumfokea. Kicheko kile kiliniunguza kuliko tanuri.

"Maonyesho hayatungoji," binti yangu akatuambia alipotulia. "Nafasi yetu watapewa wengine. Lakini Mama Vipimo anasema tufunge udongo kwenye magunia, niende nao kwenye karakana yake. Tutakifanya upya huko, na nitasoma kazi ya tanuri."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kitoke kizima, mama."

"Utakaa kwa nani?"

"Kwake."

Ameshaondoka. Wifi na mimi tumebaki huku, kila mmoja na simu yake. Akipigiwa yeye kwanza, siku hiyo chakula hakinipiti.

Mambo ya kuepuka ni haya:

Usifungue tanuri la wenzako kwa sababu umezoea moto wa kwako.

Usipeleke uvumi kwa mwenye wivu kuliko wewe.

Usimkataze mtu kwa sauti ndogo huku unataka afanye.

Usimkatize mtoto anayekuonyesha kazi yake. Chakula kitapoa, sawa, kipoe.

Usitafute alama yako kwenye kila anachokishika.

Usimtukane mgeni aliyemfundisha. Mtoto atasikia, na hatakuwa upande wako.

Usiguse chombo kilichotoka motoni mpaka uweze kukiwekea shavu.