Namba ya Chini ya Ruta

Mimi ni fundi, tena si fundi wa kubahatisha. Kibanda changu kiko karibu na soko la Ushirombo, huu ni mwaka wa tisa, na vifaa vilivyoshindikana Kahama vimeletwa kwangu vikapona. Ndiyo maana jambo hili linaniuma mpaka leo. Si ujinga ulioniponza, ni mdomo wangu mwenyewe.

Ruta zilikuwa mbili. Nilizinunua Rwamgasa kwa Asteria, mama aliyekuwa anafunga gesti yake baada ya wachimbaji kuhamia machimbo mengine. Ni zile za kupokezana: moja inakaa penye mtandao, nyingine zinausogeza chumba hadi chumba. Nilizijaribu palepale, nzima kabisa. Nikamwambia, "Mama, hizi zimekufa. Nachukua spea tu." Akaniachia kwa bei ya kutupa.

Kibandani nikafanya ninachofanya siku zote. Nilichukua wembe na pamba yenye petroli, nikabandua stika zote. Huku kwenye dhahabu mtu hanunui kitu cha aliyefilisika. Anasema kina nuksi, kitamfuata hadi shimoni. Jina la gesti likatoka. Ile karatasi ndogo ya kiwandani, yenye namba ya siri chini ya kila ruta, nayo ikatoka. Wala sikuisoma.

Aliyezinunua ni Nyamizi, binti mkubwa wa mzee Maduhu. Nyumbani kwao walikuwa na ruta ya aina ileile dirishani sebuleni, mahali pekee mtandao unaposhika katika nyumba ile ya kuta nene. Mzee alikuwa amelala chumba cha nyuma, nyonga imevunjika, ukimsogeza kidogo tu analia. Mdogo wake Nyamizi, Wema, alikuwa Tunduru. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji na daktari amemkataza kusafiri, ikabaki kumwonyesha mtoto kwa simu ya video. Na katika ukoo wao, babu ndiye anayetoa jina.

"Mwangaluka, baba," nilimsalimu mzee siku ya kwanza.

"Mwangaluka. Unaitwa nani?"

"Masele."

"Basi, Masele, niletee mjukuu wangu nimwone. Mimi simpi jina mtu nisiyeuona uso wake, na picha si uso."

"Nusu saa tu, mzee."

Nusu saa! Niliziwasha, zikawaka taa nyekundu. Nikachukua sindano, nikabonyeza kwenye kitundu cha nyuma kufuta mipangilio yote ya gesti, nikaanza upya. Simu ikaniambia: weka namba iliyoandikwa chini ya kifaa. Nikaigeuza ruta. Chini palikuwa peupe, pananukia petroli.

Dawa yake niliijua. Maboksi ya ruta zile yalibaki kwa Asteria, na namba huandikwa kwenye boksi pia. Ilikuwa simu moja tu. Lakini ningemwambia nini? Kwamba zile ruta nilizosema zimekufa zimefufuka? Nikamgeukia Nyamizi. "Leo mtandao mzito, dada. Nitarudi kesho."

Siku ya pili nikafanya kile ninachojisifu kwamba sikifanyi. Nilibahatisha. Nikaingiza namba hii, nikaingiza ile, taa zikabaki nyekundu. Nyamizi akaniuliza, "Fundi, kwa nini usivute waya tu mpaka huku?" Aliuliza la maana. Nikamjibu kwamba waya ni mambo ya kizamani. Ukweli ni kwamba waya ungekuwa ushahidi kuwa nimemuuzia vitu visivyofanya kazi, na mimi nililinda jina langu. Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini yangu niliivuta siku tatu, na mzee hakuwa na siku za kuchezea.

Siku ya tatu mzee alikuwa hali chakula tena. Alinifuata kwa macho nikipanda kiti na kushuka, nikihamisha ruta kutoka juu ya kabati kwenda dirishani, maigizo matupu.

"Nyamizi," akasema kwa taabu, "fundi amekula? Mpe michembe. Anahangaika kwa ajili yangu." Nikapewa sahani ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, yenye karanga, nikaila mbele yake. "Wabeja, Masele," akaniambia. Asante! Niliinamisha uso kwenye sahani.

Asubuhi ya siku ya nne sikufungua hata kibanda. Nikampigia Asteria, nikamwambia kila kitu. Nilingoja matusi.

"Nilijua, baba," akasema. "Nilikuona taa ilipowaka ukaifunika kwa mkono. Subiri nilete boksi." Akanisomea namba moja, akanisomea ya pili. Dakika mbili hazikwisha.

Niliendesha pikipiki kama nimeibiwa. Nilipokata kona ya kwao nikaona vijana wanafunga turubai uani, na akina mama wameketi kwenye mikeka.

Nyamizi alinipokea mlangoni, khanga kiunoni. "Baba ametutoka alfajiri. Ingia umalizie, fundi. Wema anataka kukiona chumba cha baba."

Niliingiza namba. Taa ikawa ya kijani, kwanza moja, kisha ya pili, pembeni ya kitanda ambacho godoro lake lilikuwa limekunjwa. Mtandao ulifika vizuri, haukukatika hata kidogo. Wema akatokea kwenye simu, macho yamevimba, mtoto kifuani.

"Jana ulipoondoka," Nyamizi alisema nyuma yangu, "baba alisema hawezi kungoja tena. Akasema mtoto aitwe Masele, jina la mtu aliyehangaika siku tatu kwa ajili ya mzee asiye hata ndugu yake."

Nilitaka kusema ukweli. Nataka hilo litambulike, maana sina lingine la kujitetea. Nikafungua mdomo, mdomo uleule ambao Rwamgasa ulikuwa mwepesi, ukasema tu kwamba mtandao uko sawa.

Wema akamsogeza mtoto karibu na kioo. Alikuwa na paji pana la uso, la mzee Maduhu kabisa. Wema akamshika mkono, akanipungia nao, akamsemea:

"Shikamoo, wajina."

Wazee walikuwa wamejaa mlangoni, wakingoja niitikie.

"Marahaba," nikasema.