Kofi la Kobe

Mkasi hakupewa jina hilo kwa ajili ya kushona tu. Alikuwa fundi cherehani kweli, lakini na ulimi wake nao ulikata, haubagui kitambaa wala mtu. Ndiyo maana siku daktari alipomfunga mumewe macho yote mawili, na binti yao anayeuza vitabu akaleta vitatu ili mama amsomee baba, majirani walimwonea mgonjwa huruma kwa mara ya pili.

Mume alikuwa seremala. Dawa ya kuondolea rangi ilimrukia usoni akikwangua mlango wa kabati. Daktari, mama mmoja asiyejua kupamba maneno, alisema huenda macho yakapona, huenda yasipone, watajua siku ya kufungua bendeji. Sasa seremala asiyeuona mstari wa penseli ataupitisha wapi msumeno? Hilo Mkasi alilifikiria usiku kucha. Lakini mbele ya mumewe alipiga moyo konde, akafungua kitabu.

Cha kwanza kilikuwa cha majoka na wachawi, kinene kama tofali.

"Kina ramani," alisema. "Ukiona kitabu kinaanza na ramani, jua mwandishi mwenyewe alipotea."

"Soma, Mkasi."

Akasoma. Kulikuwa na kijana yatima aliyetabiriwa kuuokoa ulimwengu, maana mayatima wa vitabu vya siku hizi hakuna anayeachwa ajifunze ufundi kama watu. Majina yalikuwa magumu mpaka Mkasi akajiuma ulimi. Wamefika katikati ya kitabu, kijana bado anazurura msituni akijiuliza yeye ni nani. Mkasi alimvumilia wee, mwisho uzalendo ukamshinda. Akageuza ukurasa, na kwa sauti ileile ya kusoma, joka likatokea likammeza kijana mzimamzima.

Seremala alijiinua kwenye mto. "Likammeza? Na utabiri je?"

"Ukamezwa nao. Alikuwa nao mfukoni."

Seremala alicheka mpaka akashika bendeji zisifunguke. Tangu ajali ile hakuwa amecheka. Mkasi alimtazama pale kitandani, na mwonja asali haonji mara moja: kuanzia hapo hakusoma tena kitabu kama kilivyoandikwa.

Cha pili kilikuwa cha mapenzi. Tajiri kijana, kidevu cha kuchongwa, hana kitambi wala mama mkwe wa kumletea mtu, anagongana na msichana mlangoni, kahawa inamwagika.

"Siku zote ni kahawa," Mkasi alisema. "Hakuna anayemwagiwa mchuzi akapendwa."

Tajiri alipomwambia msichana kwamba yeye si kama wanawake wengine, Mkasi alisonya. Kwani wanawake wengine tumekosa nini? Akamwamuru tajiri afue lile gauni kwa mikono yake mwenyewe, alianike, alipige pasi, ndipo azungumzie mapenzi.

"Huyo anapenda kweli," seremala alikubali. Kisha akafikiri. "Mimi nimewahi kukufulia?"

"Mara moja. Nguo ikachuja."

Cha tatu kilikuwa cha watoto, chembamba, maandishi makubwa. Kima anamwibia kobe mwavuli siku ya mvua. Mkasi alipitisha macho mpaka mwisho, asiamini. Walikuwa wanazungumzia hisia zao, kurasa na kurasa, na mvua inanyesha. Katika vitabu hivi vipya hakuna tena mtu mbaya, kuna watu waliokosa kukumbatiwa tu. Basi katika usomaji wa Mkasi, kobe alitembea kutwa na mvua yake mgongoni, akamkuta kima amejikinga, akainua mkono. Aliuinua polepole, kikobe, hata kima akapata nafasi nzuri ya kutubu. Hakuitumia. Akala kofi.

Hilo seremala alilipenda kupita yote. Kila siku baada ya chakula cha mchana anasema, "Nisomee lile kofi."

Siku ya kufungua bendeji ilikuwa inakaribia. Mchana mmoja, kofi likiwa limeshapigwa na hajacheka, aliuliza, "Nisipoona, utaendelea kunisomea?"

"Nitakusomea mpaka uombe na uziwi."

Kisha Mkasi akaenda jikoni, akafungua bomba lipige kelele, akalia.

Daktari alikuwa amewaagiza waje na chochote chenye maandishi makubwa. Binti akawapa kile cha watoto. Chumbani kwa daktari pazia lilivutwa nusu, bendeji ikakunjuliwa polepole. Seremala alipepesa macho, machozi yakamchuruzika.

"Unaona nini?" daktari aliuliza.

"Mwanga. Na ukungu."

Akatiwa dawa, wakasubiri, akapewa kitabu. Alikisogeza karibu, akakipeleka mbali. Akafungua ukurasa, akafungua mwingine, akarudi nyuma. Paji la uso likajikunja. Mkasi alisimama ameshika mkoba kwa mikono miwili, anayahesabu makosa yote aliyowahi kumfanyia mtu huyu.

"Hakuna," seremala alisema.

Mkasi akakaa kwenye kiti cha daktari.

"Hakuna nini, mzee?" daktari aliuliza.

"Hakuna kofi." Seremala aliweka kidole kwenye mstari, akausoma kwa sauti, neno kwa neno. "'Kobe akamkumbatia kima, akasema, Ninaelewa hisia zako.' Upuuzi gani huu? Mkasi, umenidanganya. Kofi liko wapi?"

Mkasi alilia palepale, mbele ya watu, bila bomba lolote. Daktari aliuliza ni kofi gani linalotafutwa.

Seremala aliinua macho, mekundu, yanatiririka, akamtazama mkewe.

"Na yule kijana wa joka?"

"Mzima," Mkasi alisema, akifuta pua. "Alishinda vita, akamwoa binti mfalme."

"Maskini," seremala alisema, akamrudishia kitabu. "Shika, nisomee wewe."